Mkwe Aliyepotelewa na Wimbo

Fimbo ya kwanza Calist aliipata kabla hajajua kuhesabu vidole vyake. Aliambiwa akae mlangoni awafukuze kuku wasile uwele ulioanikwa. Akakaa, naam, akakaa vizuri kabisa, mpaka akamwona sisimizi anaburuta bawa la panzi lililomzidi ukubwa, akamfuata aone atalifikisha wapi. Aliporudi, kuku walikuwa wameshiba, na baba yake, mzee Amosi, alikuwa amesimama uani na ufito mbichi.

Tangu siku hiyo mgongo wa Calist ukawa njia ya fimbo, na kila aliyekuwa na haki ya kumchapa alipita hapo: baba, baba mdogo, mwalimu wa zamu, katekista. Watu wa Ihanja si wakatili kuliko watu wengine. Waliamini tu kwamba kuna watoto ambao masikio yao hayako kichwani, yako mgongoni, na kwamba ukigonga hapo kwa bidii, siku moja yatafunguka.

Masikio ya Calist yalisikia vizuri tu. Tabu ni kwamba yalisikia kila kitu kwa pamoja. Kichwa chake kilikuwa kama shamba la uwele waliloliingilia ndege kweleakwelea: unapiga kelele huku wanaruka, wanatua kule, na wewe umesimama katikati na teo mkononi, hujui umrushie nani.

Kwao mbuzi walilala kwenye zizi la matawi ya miiba, na mlango wake ulikuwa tawi kubwa la mgunga lililovutwa jioni likajaza pengo. Kuvuta tawi hilo ilikuwa kazi ya Calist. Jioni moja alilivuta hadi katikati, akasikia lori limevunjika ekseli barabara kuu na watu wanapiga kelele, akakimbia kutazama. Alirudi akala, akalala. Alfajiri mzee Amosi akakuta fisi wamefanya harusi zizini. Mbuzi waliokuwa bado wanapumua walikuwa wamelalia matumbo yao wenyewe.

Alimtoa mtoto kitandani kwa mguu, akamburuta mpaka zizini, akamshika kisogo, akamsukuma uso ndani ya tumbo la beberu lililopasuliwa.

"Nusa!" akasema. "Nusa kazi yako!"

Akampiga mpaka fimbo ikavunjika, akachukua kamba ya ng'ombe. Mama yake alipoingilia alipigwa kiwiko, akatema jino. Calist aliposimuliwa miaka mingi baadaye kwamba alizimia, alishangaa, kwa kuwa yeye alikumbuka kitu kimoja tu: nzi wa kijani aliyetembea juu ya ini la beberu, na jinsi jua lilivyokuwa linaingia kwenye mabawa yake. Hata pale, katikati ya kipigo, akili yake ilikuwa imekwenda kutembea.

Wakampeleka kwa mganga, akachanjwa kipaji cha uso kwa wembe na kupakwa majivu. Wakampeleka kwa watu wa maombi. Wanaume wanne wakamshika mikono na miguu, wa tano akawa anamzaba makofi huku anamwamuru pepo atoke. Makofi yalipozidi, Calist akaona heri amsaidie pepo kujibu.

"Nimeshatoka, mchungaji."

"Mwongo huyo!" mchungaji akasema, "mwongezeni." Akaongezwa.

Akawa mtu mzima hivyo hivyo. Usimwone mvivu. Akipata kazi iliyomkamata, kama baiskeli iliyokataa kupona, angekaa nayo kutwa bila kula wala kwenda haja. Lakini kazi isiyomkamata ilimkamata vibaya. Kwenye mashine ya kukamua alizeti, alikokuwa kibarua, mkanda ulimla ncha ya kidole cha shahada wakati anatazama mafuta yanavyochuruzika. Na juu ya kusahau kukaja jambo jingine. Mtu aliyepigwa tangu utotoni hujifunza kupiga, tena hujifunza upesi. Hasira yake haikupanda kama maji ya sufuria, kwamba utaona mvuke kwanza. Ilikuwa imeshamwagika kabla mfuniko haujatikisika.

Klara, msichana wa Mwankoko, alimpenda kwa sababu alimchekesha. Wakaoana, wakazaa mtoto wa kike, wakamwita Sara. Klara aliokota funguo, alizima moto uliosahauliwa, alikumbusha misa na misiba, na alifanya yote hayo bila kununa sana. Mpaka siku aliyosema, kwa utani tu, "Baba Sara, wewe hata kichwa ungekiacha gulioni kama kisingeshikwa na shingo." Calist alikuwa amekaa karibu na kinu. Mchi ulipita pembeni ya sikio la Klara, ukatoboa debe la maji ukutani.

Wote wawili waliangalia maji yanavyotoka. Calist aliutazama mkono wake kama mtu anayetazama mbwa wa jirani.

"Mimi nimerusha?" akauliza.

Klara alimpakata mtoto, akakaa naye nje mpaka giza.

Mambo yangeweza kuendelea kwa namna hiyo, kama isingekuwa upuraji wa mtama kule ukweni.

Mtama wa kule hupurwa kwa fimbo. Wanaume hujipanga mistari miwili, wanatazamana, rundo la masuke liko katikati kwenye sakafu iliyosiribwa kwa samadi ya ng'ombe. Kuna anayeimbisha. Wa upande huu wanaposhusha fimbo wameinama, wa upande ule wameziinua. Kisha hawa wanainua, wale wanashusha. Vichwa vinapita pale pale zinapopita fimbo, ila kwa zamu, na anayegawa zamu ni wimbo. Kwa hiyo kuna sharti moja ambalo kila mtoto wa kiume analijua: ukipotelewa na wimbo, usipige. Rudi nyuma, toka mstarini, utulie, uingie tena.

Lakini kuna jingine lisilosemwa. Mkwe hatoki. Mkwe aliyeitwa kupura kwa wakwe zake, akitoka mstarini mbele ya mama mkwe na wanawake wanaopepeta, atachekwa mpaka mazishi yake.

Ignas, kaka wa Klara, alisimama mbele ya Calist. Alikuwa mtu mpana, mwenye maneno, na lile debe lilikuwa limeshamfikia masikioni.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wapepetaji, "leo umekuja na akili zako, au umezisahau Ihanja?"

"Nimekuja nazo, shemeji. Nikasema nawe nikuazime kidogo."

Watu wakaangua kicheko. Ignas hakucheka. Alitemea mate viganja vyake, akashika fimbo.

"Haya. Na siku ukimrushia tena mchi dada yangu, nitakufungia zizini na wale fisi wako. Hata mbwa wa baba anajua kufunga zizi."

Masikio ya Calist yakawaka moto. Wimbo ukaanza. Fimbo zikapanda, zikashuka, vumbi la mtama likapanda likawashika shingoni. Alikwenda vizuri. Alikwenda vizuri kwa muda mrefu kiasi cha mama mkwe kutikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu mwewe akapita juu, akashuka upande wa banda la kuku, na akili ya Calist ikaondoka na mwewe.

Akili iliporudi, hakujua wimbo umefika wapi. Fimbo yake ilikuwa juu. Ignas alikuwa anainuka.

Mlio ulikuwa kama wa kibuyu kilichoangushwa. Ignas alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, mikono usoni, na kati ya vidole vyake vikapita damu na kitu kingine cheupe kama uteute wa yai. Masuke yaliyokuwa mbele yake yakageuka rangi. Kisha akapiga kelele, na kelele hiyo haikuwa ya mtu mpana.

"Kamuua! Kwa makusudi! Si mlisikia walivyokuwa wanatupiana maneno?" mmoja wa mstarini akapaza sauti.

Mistari miwili ikawa duara. Fimbo zilikuwa tayari mikononi. Ya kwanza ilimpata Calist begani, ya pili magotini, akaanguka juu ya mtama, na hapo ndipo jambo la kutisha lilipotokea: kwa mazoea ya mikono, wakampiga kwa zamu. Wa huku wanashusha, wa kule wanainua. Hakuna aliyeimba, lakini wimbo ulikuwepo. Calist alisikia ubavu mmoja unaitika, kisha mwingine. Akasikia ladha ya chuma mdomoni, na meno mawili yakawa mageni ulimini.

Klara alijitupa juu yake. Fimbo iliyokuwa imeshaanza safari haikuweza kurudi; ilimshukia kwenye bega, na mlio wake ndio uliowaamsha wale wanaume. Wakasimama wanahema, wakitazama fimbo zao.

Wagonjwa walipakiwa kwenye gari moja la kubebea vitunguu, maana gari lilikuwa moja. Wakalazwa ubavu kwa ubavu, damu ya mmoja ikitiririka kwa mwenzake kila mlima. Ignas, uso umefungwa khanga, alikuwa akimpiga Calist mateke njia nzima.

"Acha, kaka, atakufa," Klara akalia.

"Kwani mimi nataka nini?" Ignas akasema, akampiga lingine.

Hakufa. Jicho la Ignas ndilo lililokufa. Na Calist alipoweza kukaa, Klara akaja mkono umening'inizwa kwa kitambaa, akasimama mbali kidogo na kitanda.

"Nina swali moja tu, Baba Sara. Ulikusudia?"

Calist alifikiri. Alimwona mwewe, alihisi masikio yake mwenyewe yakiwaka, aliona kichwa cha Ignas kikiinuka. Alitafuta ni kipi kilitangulia, asipate.

"Sijui," akasema.

Angesema hapana, wangeyamaliza. Angesema ndiyo, angalau Klara angejua amelala na nani miaka yote hiyo. Klara alitikisa kichwa.

"Basi mimi sirudi. Siwezi kulea mtoto kwenye nyumba ambayo mkono unatangulia, mwenyewe anafuata nyuma akiuliza kumetokea nini. Siku utakapoweza kunijibu, na siku mkono huo utakapokungoja, nitumie salamu Mwankoko."

Wazee wa pande mbili walikaa, wakasema ni ajali ya kazini, wakamtoza Calist ng'ombe. Ignas alimtazama ng'ombe kwa lile jicho lililobaki.

"Ng'ombe huyu ataona kwa niaba yangu?" akauliza. Akaondoka barazani, na kila aliyemfahamu akajua hayajaisha.

Aliyemshona Calist alikuwa tabibu mmoja kijana, Rahimu, mtoto wa wafanyabiashara wa mjini. Alipokuwa anatoa nyuzi akaanza kumkagua kama mtu anayekagua gari la mtumba.

"Kovu hili la kidole?"

"Mkanda wa mashine. Nilikuwa naangalia mafuta."

"Hili la paja?"

"Pikipiki. Nilikuwa naangalia kondoo."

"Na mgongoni humu?"

"Aa, huko ni nyumbani tu."

Rahimu aliweka mkasi chini. "Kaka Calist, ulipokuwa mdogo ulikuwa hivi hivi? Kusahau, kutotulia, mambo mengi kichwani?"

"Hivi hivi, ila mfupi."

"Kuna dada mmoja anaitwa Radhia. Yuko upande wa pili wa hospitali, chumba cha mwisho, mlango wa bluu. Anakuwepo Jumatano. Nenda ukazungumze naye."

Calist aliujua mlango huo. Mji mzima uliujua.

"Kwa wendawazimu? Ili kesho wanifunge wanipeleke Dodoma?"

"Wewe umeshapigwa na watu wenye akili timamu," Rahimu akasema. "Huko utapata nini kibaya zaidi?"

Si jambo la mara moja. Mara ya kwanza Calist alifika, akamwona kwenye benchi mama mmoja anayeuza viatu gulio la Ihanja, akageuka kama aliyekosea njia. Mara ya pili alijikaza, akaoga, akavaa shati la misa, akafika, akakuta mlango umefungwa. Ilikuwa Alhamisi. Mara ya tatu siku ilikuwa yenyewe, ila alipita kwenye mizani wanayopimia watoto wachanga, akaona mnyororo wake unakwaruza, akasimama kuutengeneza. Alipokwisha, akina mama wamemshukuru, Radhia alikuwa amekwenda zake. Jioni hiyo, nyumbani peke yake, alipiga kichwa ukutani mpaka udongo ukaanguka.

Mara ya nne alipiga magoti kwa mwenye pikipiki wa pale kijijini: "Nipeleke mpaka mlangoni. Usiniache mpaka niingie. Nikigeuka, nikamate." Jamaa akamkamata kweli, akamsukumiza ndani kama mwizi wa kuku.

Radhia alikuwa mwanamke wa makamo, mtandio kichwani, mwenye sauti ya mtu asiye na haraka. Hakuuliza kama anasikia sauti za watu wasiokuwepo, jambo ambalo Calist alikuwa amejiandaa kulikataa. Alimwambia amsimulie. Calist akasimulia akiwa amekaa, akasimulia akiwa amesimama, akasimulia huku anafungua kwa ukucha skrubu ya dirisha, mpaka skrubu ikatoka.

"Endelea nayo tu," Radhia akasema, "ila hadithi uifikishe kwa wale mbuzi. Ulisema tawi ulilivuta nusu."

Alimpa maswali mengi, siku hiyo na Jumatano zilizofuata. Akamwita mama yake Calist, bibi mwenye pengo la jino, akamuuliza habari za utotoni. Mwisho akasema maneno haya, bila kuyapamba:

"Ni tatizo la ubongo, kaka Calist. Ubongo wako unashindwa kutulia na kushika jambo moja, na breki zake ni nyepesi. Wazungu wameliandikia herufi nne, haidhuru. Umezaliwa nalo. Si pepo, wala si ujeuri, wala hukulogwa."

Unaweza kudhani mtu atafurahi. Masikio ya Calist yakaanza kuwaka.

"Umesema nimezaliwa nalo."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo halikuwa linatoka kwa fimbo."

"Halikuwa."

"Kwa hiyo nilipigwa bure?"

Ngumi iliingia kwenye kioo cha kabati la dawa. Vioo vikamwagika, chupa zikafuata, damu ikaruka mpaka kwenye mtandio wa Radhia. Akaipiga tena mbao iliyobaki, na tena, akinguruma jina la baba yake, marehemu Amosi aliyelala kaburini Ihanja na heshima zake zote. Mama mzee alijificha nyuma ya kiti. Wauguzi wawili wanaume wakaingia mbio na shuka la kumfungia.

"Mwacheni," Radhia akasema. Hakuwa amesogea. "Mwacheni. Tokeni nje."

Calist aliteleza ukutani akakaa juu ya vioo. Radhia alingoja mpaka pumzi yake ikashuka.

"Ndiyo," akamwambia. "Ulipigwa bure."

Ndipo mtu mzima yule akalia, na mama yake akatambaa juu ya vioo mpaka alipomfikia, akawa anasema kwa Kinyaturu neno moja tu la kumbembeleza mtoto mchanga.

Mwezi huo alikuja daktari wa maradhi ya akili kutoka Dodoma, akampima moyo, akamwandikia vidonge vya asubuhi. Havikupatikana kirahisi, mara vipo mjini, mara vimekwisha. Vilimkausha mdomo na kumwondolea hamu ya ugali. Lakini asubuhi moja, baada ya kipimo cha vidonge kubadilishwa mara kadhaa, Calist alikuwa anakunywa uji akagundua kitu cha ajabu. Kweleakwelea hawakuwepo. Alisikia kuku mmoja. Akamaliza kumsikia. Kisha akasikia upepo.

Akampigia Radhia simu. "Dada, kumbe watu wengine huwa wanaishi hivi?"

"Hivi vipi?"

"Kimya kimya. Kila siku?"

Radhia alicheka. "Ndiyo, kaka. Wengi wao."

Vidonge vilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kukaa kwenye kile kiti cha mlango wa bluu na kujifunza kuujua mwili wake: kwamba masikio huwaka kabla mkono haujaondoka, na kwamba hapo katikati kuna upenyo, mwembamba kama wa tundu la sindano, na kwamba akifika hapo akiachie chochote alichoshika, kianguke, kivunjike, liwalo na liwe. Alianza na vikombe. Akavunja vingi. Siku vidonge vilipokosekana alimtukana jirani vibaya, ila hakumpiga. Akaja kuhesabu hilo kama ushindi, na Radhia akamwambia amwombe radhi jirani kwanza ndipo ashangilie.

Na hakumpa pa kujifichia. Calist alipojaribu kusema, "Basi si mimi, ni ugonjwa," Radhia alimkazia macho.

"Ugonjwa uliondoka na mwewe. Nakubali. Ulipoteza wimbo. Halafu? Mwewe hakushusha fimbo, kaka Calist. Rudi pale. Fimbo yako iko juu. Unajua nini?"

Ilichukua Jumatano nyingi. Mara mbili aliondoka kwa kubamiza mlango. Lakini akili iliyotulia hukumbuka, hata isichotaka kukumbuka, na siku moja akaliona jibu.

Akatuma salamu Mwankoko. Alimwambia Klara kwa simu kwamba jibu analo. Kwa bahati mbaya, au tuseme kwa bahati tu, simu ile ilipokelewa mbele ya Ignas.

Calist alikuwa uani kwake anachonga fito za banda la kuku kwa panga, pikipiki ikaingia kwa kasi, Ignas akaruka kabla haijasimama. Alikuwa na rungu la mpingo. Upande mmoja wa uso wake ngozi ilikuwa imejikunja kama mfuko uliofungwa. Nyuma yake, kwenye pikipiki nyingine, Klara alikuwa anakuja na mtoto mgongoni, anapiga kelele kwamba mtu amshike kaka yake. Hakukuwa na mtu wa kumshika.

"Nasikia una jibu," Ignas akasema. "Nipe mimi. Jicho lilikuwa langu."

Calist alisimama, panga mkononi.

"Sikukusudia kukupiga, shemeji. Nilipotelewa na wimbo."

"Nilijua! Nilijua utaleta ngonjera za hospitali..."

"Sijamaliza. Nilipotelewa, na nilijua nimepotelewa. Fimbo iko juu, najua kabisa sijui zamu ni ya nani. Ningerudi nyuma. Nikamwona mama anatazama. Nikakumbuka ulivyonikejeli. Nikasema moyoni, bora nibahatishe kuliko kutoka. Nikabahatisha kwa kichwa chako. Hilo si ugonjwa. Hilo ni mimi."

Ignas alikuwa amekuja kusikia mojawapo ya majibu mawili, na hili halikuwemo. Uso wake ukayumba. Kisha akapiga.

Calist alikinga kwa mkono wa kushoto, mfupa ukavunjika kati ya kiwiko na kiganja, mlio mkavu wa fito. Masikio yakawaka. Mkono wa kulia, wenye panga, ukapanda. Ukapanda kweli, Klara aliuona, akaziba mdomo. Shingo ya Ignas ilikuwa wazi, karibu, mshipa unacheza.

Upenyo ulikuwepo. Mwembamba vile vile.

Panga likaanguka, likachoma ardhi karibu na kidole gumba cha mguu wake mwenyewe. Pigo la pili likampata mbavu zile zile za zamani, akaenda chini, akabaki chini, mkono mzima akiuweka chini ya tumbo lake na kuulalia, kama mtu anayelalia mbwa mkali asitoke.

"Inuka!" Ignas akapiga kelele. "Inuka tupigane, mwanaharamu! Inuka!"

"Siinuki, shemeji."

Ignas akalipeleka rungu juu kwa mikono miwili, akalishusha kwa nguvu zake zote akilenga kichwa cha Calist. Likapiga ardhi, shubiri moja pembeni. Akalishusha tena. Likapiga gogo la kuchongea, likamponyoka, naye akapepesuka akapiga magoti. Mtu wa jicho moja hukosea kipimo cha umbali. Hata kikombe cha chai Ignas siku hizi alikuwa anakikosa. Alibaki amepiga magoti, anapapasa vumbi, mabega yanatikisika.

"Hata kukuua siwezi," akasema. "Umeniharibu kiasi hicho."

Klara alifika. Aliliokota rungu akalitupa juu ya paa la tembe, akalichomoa panga akalitupa huko huko. Akawatazama wale wanaume wawili chini, mmoja analia, mwingine anatema damu, na mtoto mgongoni kwake anashangaa.

"Mmemaliza?" akauliza. Akanusa hewa. "Na huko ndani kunaungua nini?"

"Maharage," Calist akasema ardhini. "Nimeyasahau."

"Si umesema unatibiwa?"

"Natibiwa."

"Na maharage je?"

"Dada Radhia anasema tutafika."

Ikatoka sauti kwa Ignas, kati ya kilio na kitu kingine, akajifuta pua kwa kiganja. Klara alifungua khanga yake ya juu, akaufunga ule mkono uliovunjika kwa fito mbili za banda la kuku, akaukaza mpaka Calist akalia kwa sauti. Alipokwisha, alimshika mkono wa pili, ule wa kulia, akaugeuza kiganja juu akauangalia muda mrefu, kidole kilichokatika ncha na makovu ya vioo.

"Nimeuona," akasema. "Ulipanda, ukangoja."

"Ulipanda," Calist akakubali.

"Nimesema nimeuona."

Pikipiki moja ilikuwa imeshakimbia kwa woga. Ikabidi wapakiane mshikaki kwenye ile iliyobaki kwenda hospitali: dereva mbele, majeruhi katikati, na Ignas nyuma, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumzuia asianguke. Ignas alimkumbatia kiunoni kwa hasira, kama anayebeba gunia la mtu mwingine.

"Shika vizuri, wewe."

"Nishike kwa mkono upi, shemeji?"

"Kaa kimya. Ukianguka nakuacha."

Klara alitoa sufuria iliyoungua, akaimwagia maji, moshi ukamfunika. Alimwambia dereva aende taratibu kwenye makorongo, mgonjwa ameumia mbavu. Kisha akamshusha Sara mgongoni, akamkalisha kwenye mkeka, akaanza kuchagua maharage mengine.